Jiwe la Msingi la Ngome Kongwe

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Tamalaki, nchi ya amani, utulivu na semina. Atakayesema anaifahamu ni mzushi, kwa maana hata mimi ninayeisimulia sijawahi kufika huko, na ningekuwa nimefika nisingekiri.

Katika nchi hiyo kila jambo jema lilikuwa na wizara yake. Mambo ya kale yalikuwa chini ya Wizara ya Kale, Sasa na Baadaye, iliyoongozwa na Mheshimiwa Dakta Sekiondo. Udakta alitunukiwa na chuo alichokwenda kukifungua, akaanza kuutumia siku ileile, kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka mmoja Mheshimiwa alialikwa Ulaya pamoja na ujumbe wake wa watu kumi na tisa kwenda kujifunza utunzaji wa majengo ya kale. Walitembezwa wiki mbili katika ngome za Zama za Kati: ngome za vilimani, ngome zilizozungushiwa mahandaki ya maji, ngome zenye madaraja ya kuvutwa kwa minyororo na vyoo vilivyoning'inia nje ya ukuta. Wenyeji walieleza kwa subira jinsi kuta zile zinavyokaguliwa kila mwaka, jiwe kwa jiwe, na nyufa zinavyozibwa zingali changa. Ujumbe wa Tamalaki haukuyasikia hayo, maana ulikuwa unapiga picha. Jambo moja tu lilimchoma Mheshimiwa. Siku ya kuagana, mezani, bibi mmoja mwenyeji alimuuliza kwa upole: kwani ninyi Tamalaki, katika Zama za Kati, mlikuwa na nini? Mheshimiwa aliitafuna nyama yake muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akajibu kwamba suala hilo lilikuwa katika hatua za mwisho.

Alirudi nyumbani na ghadhabu ya mtu aliyegundua kwamba jirani ana kitu ambacho yeye hana. Wiki tatu baadaye Bunge lilijadili Muswada wa Sheria ya Kuanzisha Zama za Kati. Mjadala ulikuwa mkali. Mbunge mmoja alitaka zianze mara moja bila urasimu. Mwingine aliomba zianzie jimboni kwake, jimbo lililosahaulika tangu uhuru. Wa tatu, aliyekuwa usingizini, aliunga mkono hoja. Sheria ikapita, ikatamka kwamba Jamhuri ya Tamalaki ilikuwa na Zama za Kati zilizoanza siku ya Jumatatu, kwa kuwa Jumapili ofisi hufungwa, na kwamba atakayedai vinginevyo atahesabiwa kuwa msaliti wa historia. Kilichobaki ni kutafuta ngome.

Na ngome ilikuwepo. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Ilikuwa imesimama katika mji wa Shangamu kwa miaka mia tano, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ina minara minne na lango la mti mgumu lililopigwa misumari ya shaba. Walioijenga hawakuandika majina yao popote, nadhani kwa sababu walikuwa na kazi.

Mtunzaji wake alikuwa Bi Zume binti Haruni, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mikono iliyobabuliwa na chokaa na ulimi usio na pazia. Babu yake alikuwa fundi chokaa wa ngome ile, na baba yake vilevile. Kwa kuwa baba hakujaliwa mtoto wa kiume, mwiko aliushika yeye, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa wenye wivu. Aliujua ukuta ule kama mpishi ajuavyo sufuria lake. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akajua palipo na afya na palipo na maradhi.

Maradhi yalikuwa katika mnara wa magharibi. Miaka kumi na moja kabla ya haya ninayosimulia, mnara ule ulifanya ufa mwembamba wa kupitisha ukucha. Sheria ilikataza mtu kuigusa ngome bila kibali, basi Bi Zume akaandika barua kuomba kibali cha kuchoma tanuri la chokaa. Tanuri moja tu. Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha: unapanga magogo, unapanga mawe ya matumbawe juu yake, unayachoma mpaka yawe meupe, unayazima kwa maji, kisha unaiacha chokaa shimoni miezi sita ilainike kama siagi. Saruji haifai, alieleza katika barua, kwa sababu hufungia unyevu ndani, na ukuta ukaoza kimyakimya huku uso wake ukimeremeta. Wizara ikajibu: barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Mwaka uliofuata ufa ulipitisha kidole. Akaandika tena, na barua ikafanyiwa kazi. Ulipopitisha kiganja aliandika kwa wino mwekundu, nayo ikafanyiwa kazi vilevile. Kufikia mwaka wa kumi na moja popo walikuwa wamehamia ufani na jamaa zao wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwingine methali hiyo ni onyo. Tamalaki waliifanya mpango wa kazi, na walikuwa na hoja yao: kuziba ufa hakuna uzinduzi wala utepe, na ni nani aliyewahi kuchezewa ngoma kwa ajili ya ufa? Kujenga ukuta, huo ndio mradi.

Kwa hiyo siku gari la wizara liliposimama langoni, Bi Zume alifurahi kama aliyeletewa posa. Alidhani barua imekwisha kufanyiwa kazi. Alitandika mkeka, akachemsha kahawa, akatoa na visheti. Aliyeshuka alikuwa Bwana Mtengwa, Mkaguzi Mkuu wa Ukale, amevaa kofia ngumu ya plastiki na jalada nene kwapani. Hakuja kwa ajili ya ufa. Alikuja kuhakiki kama ngome inastahili kuingizwa katika Zama za Kati. Aliizunguka mara tatu akitazama chini na kupapasa ukuta kama aliyeangusha funguo, kisha akauliza jiwe la msingi liko wapi.

Hapa sharti nisimame nieleze, maana wasomaji wangu wanaishi katika nchi zenye akili timamu na huenda jambo hili ni geni kwao. Tamalaki hakuna jengo lisilo na jiwe la msingi, yaani lile bamba la marumaru lenye jina la kiongozi aliyeliweka. Shule inalo, kisima kinalo, choo cha stendi kinalo. Viko vijiji vyenye mawe ya msingi saba na hakuna hata kibanda, na wananchi wake wamehesabiwa kuwa wamekwisha kuendelea. Kifungu cha tisa cha Sheria ya Majengo kilisema bila kigugumizi: jengo ambalo kiongozi hajaliwekea jiwe la msingi halijaanza kujengwa.

Bi Zume alijibu kwamba msingi upo, tena umekwenda chini urefu wa mtu na nusu, ila hauna jina la mtu.

"Basi, mama, jengo hili halijaanza," alisema Bwana Mtengwa kwa huruma ya kiofisi. "Na barua zako zote zilikuwa batili. Huwezi kuomba kukarabati kitu ambacho hakijaanza kujengwa."

Bi Zume alimtazama. Jua lilikuwa kali, na Mkaguzi alikuwa amejisogeza kivulini, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwanangu, hapo umeegemea nini?"

Bwana Mtengwa aligeuka, akautazama ukuta kutoka chini hadi juu, akafungua jalada ili kuhakikisha.

"Nimeegemea eneo la mradi," akasema, akamalizia kahawa yake.

Haukupita mwezi likasimamishwa bango langoni kutangaza kuanza kwa ujenzi wa Ngome Kongwe, na watu wa Shangamu, waliozaliwa na kuzeeka mbele ya ngome hiyo, wakaja kusoma ili wajue itakuwaje. Jiwe lenyewe lililetwa kwa lori. Lilikuwa kubwa kama kitanda cha harusi. Jina la Kiongozi Mkuu wa nchi pamoja na vyeo vyake lilichukua mistari kumi na minne, na chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, liliandikwa neno "Ngome".

Ikazuka hoja ya mahali pa kuliweka. Idara ya Itifaki ilishauri kwamba jiwe la msingi likiwekwa ukutani linakuwa jiwe la ukutani, na sheria hailitambui. Lazima likae msingini hasa. Tena lazima lielekee jua la alasiri, kwa ajili ya kamera. Penye msingi na jua la alasiri palikuwa mahali pamoja tu, chini ya mnara wa magharibi. Vibarua wa mkandarasi wakaanza kuchimba, wakang'oa mawe ya chini ya mnara ili kupata nafasi ya marumaru. Mkaguzi aliandika katika ripoti kwamba mawe yaliyoondolewa yalikutwa yakikaa pale kwa miaka mia tano bila kibali.

Bi Zume alishuka shimoni akaketi juu ya jiwe lililobaki, akasema atakayetaka kuling'oa amng'oe na yeye. Vibarua walikuwa na adabu kuliko waajiri wao, wakaweka sururu chini. Siku ya pili Mheshimiwa Sekiondo alikuja mwenyewe, na waandishi wa habari nyuma yake, akasimama ukingoni mwa shimo na kuinamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya wakubwa wanapotaka kuonekana wanasikiliza.

"Mheshimiwa, shikamoo," Bi Zume alisema, ingawa alimzidi umri. "Mnara huu una ufa wa miaka kumi na moja. Mkiyatoa mawe haya ya chini mmeukata miguu, na utaanguka. Nipeni tanuri moja la chokaa na miezi sita, nami nitawakabidhi mnara utakaowazika nyinyi na wajukuu wenu."

"Marahaba. Mama, historia haisubiri chokaa," Mheshimiwa alijibu, akizielekea kamera. "Taifa hili limechelewa Zama za Kati kwa miaka mia saba. Wewe unataka kutuongezea miezi sita?"

Wasaidizi wakapiga makofi hadi kalamu zikawadondoka mifukoni. Kisha, ili ionekane kwamba serikali husikia kilio cha wanyonge, Mheshimiwa alimteua Bi Zume papo hapo kuwa mjumbe wa Kamati Ndogo ya Viti na Turubai. Alivishwa kilemba cha ukoka mbele ya umati, na walinzi wawili wakamtoa shimoni kwa heshima zote zinazomstahili mjumbe.

Hakukataa uteuzi. Alichukua boriti kumi na mbili nene kutoka ghala la turubai akauegemezea mnara, akisaidiwa na walewale vibarua walioagizwa kuuchimbua. Boriti zilikaa siku mbili. Mpigapicha wa Ikulu alipokuja kupima mwanga alisema zinalifanya taifa lionekane limeegemea kitu, na zikaondolewa. Bi Zume alizitazama zikipakiwa garini, akawatukana wakubwa kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo.

Siku ya siku, ya Kiongozi Mkuu kuja kulizindua jiwe, ikafika. Watoto wa halaiki mia mbili, waliovalishwa kama walinzi wa Zama za Kati kwa maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, walipangwa tangu asubuhi chini ya mnara wa magharibi, kwa sababu rangi ya mawe ilipendeza pamoja na maboksi. Bi Zume alipita kukagua viti, akagonga ukuta kwa kidole. Ukaitika kama debe tupu. Unga mweupe ulikuwa ukichuruzika kutoka ufani, na popo, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shahada, walikuwa wamekwisha kuhama.

Alimwendea Bwana Mtengwa akamwambia mnara utaanguka leo. Bwana Mtengwa alipitia ratiba kwa kidole, ukurasa wa kwanza hadi wa nne, akasema hakuna kipengele hicho.

Bi Zume akawatazama watoto. Mmoja alikuwa anajikuna ndani ya boksi lake kwa rula. Kisha akasema jambo jingine kabisa, kwa sauti ya mjumbe wa kamati: kwamba kutoka pale walipopangwa, watoto wale watamtazama Kiongozi Mkuu mgongoni kwa muda wa saa nzima, na kwamba yeye kama mjumbe hakuona popote katika miongozo kwamba mgongo wa Kiongozi Mkuu umewahi kuruhusiwa kutazamwa na watoto.

Jasho lilimtoka Bwana Mtengwa chini ya kofia ngumu. Ndani ya dakika kumi watoto, brasbendi, viti, turubai na wageni waalikwa walikuwa wamehamishwa hatua themanini upande wa pili, na hakuna aliyeuliza sababu. Bi Zume hakufurahi. Ilimuuma kwamba ukweli wa miaka kumi na moja haukuwahi kusogeza hata kiti, na upuuzi wa dakika moja umehamisha uwanja mzima.

Kiongozi Mkuu alichelewa kwa saa tatu, muda unaolingana na cheo chake. Alifika, akavuta kitambaa, akalisoma jiwe kwa makini hadi mstari wa kumi na nne, akaridhika, akarudi kukaa mbali kwenye kiti chake chenye mito. Mheshimiwa Sekiondo alishika kipaza sauti akatangaza kwamba leo, baada ya karne nyingi za kusubiri, Ngome Kongwe imeanza. Alifananisha siku hiyo na siku kadhaa za kuumbwa kwa ulimwengu. Kisha ikapigwa mizinga ishirini na mmoja.

Mzinga wa kwanza uliwarusha njiwa. Mzinga wa tano ulitoa vumbi. Kwenye mzinga wa tisa mnara uliinama kidogo, kama mtu anayetafuta kiatu chake chini ya kitanda, kisha ukakaa chini wote kwa mara moja. Mngurumo ulifuata baadaye, na wingu jeupe likafunika jukwaa. Brasbendi iliendelea kupiga kwa kuwa hakuna aliyeiambia iache. Mizinga nayo iliendelea hadi ishirini na mmoja, maana ndivyo ratiba ilivyosema. Vumbi lilipotulia, wakubwa walikuwa weupe kuanzia kofia hadi viatu, watoto mia mbili walikuwa wazima wakipiga chafya ndani ya maboksi, na mahali pa mnara palikuwa na kilima cha mawe. Mbele ya kilima lilisimama jiwe la msingi, halina hata mchubuko, jina likisomeka vizuri. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine, kwa kuogopa kuwa wa mwisho, wakafuata.

Bi Zume peke yake alilia. Alilia kama anayemlilia mtu, ameketi juu ya kiti cha plastiki alichokikagua mwenyewe.

Tume iliundwa, kama ada. Ilikaa hotelini siku arobaini, ikatoa ripoti fupi yenye hoja ambayo hata mimi sikuweza kuipangua. Jengo lililowekewa jiwe la msingi saa kumi alasiri, ilisema ripoti, haliwezi kuanguka saa kumi na nusu alasiri ileile, kwa sababu lilikuwa bado halijajengwa. Kwa hiyo hakuna kilichoanguka. Kilichoshuhudiwa na wananchi kilikuwa usafishaji wa eneo la mradi, na mkandarasi alipongezwa kwa kasi yake. Mheshimiwa Sekiondo alimtumia picha yule bibi wa Ulaya. Bibi akajibu kwa barua ndefu ya rambirambi, na wizara ikaitafsiri kuwa salamu za pongezi, ikaitundika mapokezi.

Huko Shangamu, Bi Zume alikuwa na kazi. Kila siku alishuka kwenye kilima cha mawe na kipande cha mkaa. Alilichukua jiwe, akaligeuza, akalitambua kwa alama ya mwiko wa babu yake au kwa namna chokaa ilivyong'ang'ania, akaliandika namba ya safu yake na mahali pake, akalipanga kando kwa utaratibu. Wale vibarua, ambao sasa hawakuwa na ajira, walimsaidia kubeba yaliyomshinda. Alikuwa amefika jiwe la mia tatu na arobaini barua ya wizara ilipokuja.

Ilisema kwamba maombi yake ya miaka kumi na moja yamekwisha kufanyiwa kazi, na kibali cha tanuri moja la chokaa kimetolewa. Chokaa hiyo itumike kupaka ukingo wa jiwe la msingi, ili lipendeze kwa ziara ijayo ya Kiongozi Mkuu. Na kwa kuwa serikali inahimiza kutumia malighafi zilizopo, tanuri lichomwe kwa kutumia mawe ya matumbawe yaliyozagaa ovyo katika eneo la mradi.

Bi Zume aliisoma mara mbili akiwa amesimama katikati ya mawe hayo. Bwana Mtengwa, aliyeileta kwa mkono wake, alisubiri pembeni na kofia yake, safari hii hakuegemea kitu. Hakukaribishwa kahawa. Bi Zume aliomba karatasi kutoka kwenye jalada lake, akaandika mstari mmoja kwa mkaa, akaikunja, akamkabidhi ampelekee Mheshimiwa Waziri. Kisha akamgeuzia mgongo, akainama, akaliandika namba jiwe la mia tatu na arobaini na moja.

Mheshimiwa Sekiondo aliifungua karatasi mbele ya kikao cha wakurugenzi wote, akidhani ni shukrani, akaisoma kwa sauti kabla ya kuielewa:

"Barua yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi."